Kwa nini glaida huanguka ikiwa karibu kutua?

Tulipozungumzia ndege zisizo na injini katika kipindi, swali moja lilijirudia katika ujumbe mliotutumia: kama chombo hiki kinaweza kukaa angani saa nyingi bila injini, kinawezaje kuanguka dakika ya mwisho, uwanja ukiwa mbele ya macho ya rubani? Muda wa hewani ulikuwa mfupi, tukaahidi kuandika. Maelezo yenyewe ndiyo haya.

Jibu fupi ni kwamba ajali nyingi za namna hii hazitokani na kitu kuvunjika. Mabawa ni mazima na usukani unafanya kazi. Kinachopotea ni mwendo, na unapotea mahali ambapo rubani hana tena nafasi ya kusahihisha kosa lake.

Glaida ni chombo gani?

Glaida ni ndege nyepesi yenye mabawa marefu na membamba. Huvutwa hadi angani kwa kamba, ama na ndege nyingine yenye injini, ama na mashine iliyo ardhini inayokunja kamba kwa kasi. Ikifika juu, rubani anaiachia kamba, na kuanzia hapo anategemea hewa peke yake.

Kusema kweli, glaida muda wote inashuka. Inateremka mteremko mrefu usioonekana, kama baiskeli inayoshuka kilima bila kukanyagwa. Chukua mfano wa ASK 21, glaida ya viti viwili inayotengenezwa Ujerumani na kutumika sana kufundishia. Katika hewa tulivu, kwa kila mita 1 inayoshuka inasonga mbele mita 34. Maana yake, ikiwa juu kilomita 1 inaweza kufika umbali wa kilomita 34 hivi kabla ya kugusa ardhi.

Ili ikae angani muda mrefu, rubani hutafuta hewa inayopanda. Jua likichoma ardhi, hewa yenye joto hupanda juu, na glaida huzunguka ndani yake kama tai mnaowaona mchana juu ya mbuga. Upepo unaogonga mlima na kupanda nao husaidia. Mwaka 2003 Mjerumani Klaus Ohlmann alisafiri zaidi ya kilomita 3,000 nchini Argentina akibebwa na upepo wa milima ya Andes. Kwa hiyo chombo hiki kina uwezo mkubwa. Tatizo linakuja pale kinapokaribia ardhi.

Ungo na upepo

Chukua ungo siku ya upepo mkali. Ukiushika ukiwa umelala sawa na upepo, upepo unapita tu juu na chini yake. Uinue kidogo ukingo unaotazama upepo, utahisi ungo unataka kupanda. Hiyo ndiyo nguvu inayobeba ndege. Sasa uinue zaidi, hadi tumbo la ungo liutazame upepo. Hauinuki tena, unasukumwa nyuma, unayumba na kukuponyoka. (Wale wanaosema ungo husafiri usiku bila injini, hao hatuna maelezo yao leo.)

Bawa la ndege liko hivyohivyo. Hewa ikipita vizuri juu yake, bawa linabeba. Rubani akiinua pua ya ndege, bawa linaukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi na kubeba zaidi, lakini kuna kikomo. Kwa mabawa mengi kikomo hicho ni karibu nyuzi 15. Ukikivuka, hewa haiwezi tena kufuata mgongo wa bawa. Inabanduka na kuvurugika, na nguvu ya kubeba inapungua ghafla. Ndege haielei tena vizuri, inazama.

Marubani huita hali hiyo stoli. Neno hili halihusu injini kuzimika, kama wengi wanavyodhani. Glaida haina hata injini ya kuzimika. Linahusu bawa kushindwa kubeba.

Kila ndege ina mwendo ambao ikishuka chini yake haiwezi kuruka sawasawa bila kuvuka kikomo hicho. Kwa glaida kama ASK 21 mwendo huo ni karibu kilomita 65 kwa saa. Hapa ndipo akili ya rubani inapotakiwa kwenda kinyume na mazoea yetu ya barabarani. Sisi tumezoea kusema pole pole ndio mwendo. Angani, pole pole ikizidi ndiyo inayoua.

Somo lililoanza mwaka 1896

Hatari hii ilijulikana hata kabla ya ndege zenye injini kuwapo. Mjerumani Otto Lilienthal alianza kuruka na mabawa aliyoyaunda mwenyewe mwaka 1891. Aliruka karibu mara 2,000 kutoka vilimani. Tarehe 9 Agosti 1896, karibu na kijiji cha Stölln, upepo uliinua pua ya chombo chake, kikasimama hewani, kisha kikaanguka kutoka mita 15 hivi. Lilienthal alivunjika uti wa mgongo na kufariki siku iliyofuata mjini Berlin.

Habari za kifo hicho ziliwafikia mafundi wawili wa baiskeli nchini Marekani, ndugu Wilbur na Orville Wright. Walipounda glaida zao, waliweka kibawa cha kuinua na kushusha pua upande wa mbele, na kiliwasaidia wasianguke kichwa chini kama Lilienthal. Hata hivyo walikutana na hatari nyingine. Mara kadhaa, wakiwa katika kona, bawa la upande wa chini lilizidi kuzama, glaida ikateleza upande na kuzunguka hadi ncha ya bawa ikajichimbia mchangani. Wao waliita jambo hilo kuchimba kisima. Mwaka 1902 walilipunguza kwa kufanya usukani wa mkia uweze kugeuka, na mwaka uliofuata wakaruka kwa injini.

Kuchimba kisima kwa ndugu Wright kulitokea juu ya mchanga laini, mita chache kutoka ardhini. Glaida za leo zinafanya kosa la aina hiyohiyo zikiwa juu zaidi na zenye uzito mkubwa zaidi.

Safari ya kutua

Glaida haiji moja kwa moja kutua. Kwanza inapita kando ya uwanja, upepo ukiwa nyuma yake, ili rubani autazame uwanja vizuri. Kisha inakata kona ya kwanza na kupita kwa ukingo wa uwanja. Halafu inakata kona ya mwisho ili iukabili upepo na kushuka moja kwa moja hadi chini. Mabawani kuna vibao vinavyochomoza, vinavyoitwa breki za hewa. Rubani akivifungua, glaida inashuka haraka zaidi.

Kumbuka kwamba glaida haina nafasi ya pili. Rubani wa ndege yenye injini akiona mambo hayakukaa vizuri, anaongeza moto, anapanda na kurudi tena. Wa glaida hawezi. Urefu alio nao kutoka ardhini ndiyo akiba yake yote, na kila sekunde anaitumia.

Kwa kawaida kona ya mwisho inatakiwa iwe imekamilika glaida ikiwa bado juu karibu mita 100, kama minazi minne mirefu iliyosimama mmoja juu ya mwingine. Ajali nyingi za stoli wakati wa kutua huanzia kwa rubani aliyefika kwenye kona hiyo akiwa chini kuliko inavyopasa, ama kwa kuchelewa kurudi uwanjani, ama kwa kupoteza urefu katika hewa inayozama.

Makosa manne katika kona moja

Kosa la kwanza ni kuinua pua. Rubani anaona ardhi iko karibu na uwanja bado uko mbali. Mkono wake, bila hata kuamua, unavuta usukani ili ndege ipande. Kwa nukta chache inaonekana kama inasaidia. Kisha mwendo unapungua, glaida inazama haraka zaidi, na safari inakuwa fupi badala ya ndefu. Marubani wanafundishwa hivi: huwezi kuivuta glaida ifike mbali kwa kuinua pua.

Kosa la pili ni kusahau uzito wa kona. Mmeona jinsi abiria wanavyobanwa upande mmoja basi likikata kona kwa kasi. Ndege nayo ikilala upande katika kona inakuwa kama imeongezewa mzigo, kwa hiyo inahitaji mwendo mkubwa zaidi ili isiingie kwenye stoli. Kwa glaida ambayo kikomo chake ni kilomita 65 kwa saa ikienda sawa, ikilala nyuzi 30 kikomo kinakuwa karibu kilomita 70. Ikilala nyuzi 45 kinafika 77. Ikilala nyuzi 60 kinafika karibu 92. Rubani anayekwenda kilomita 75 kwa saa yuko salama akiwa amenyooka, lakini katika kona kali hayuko salama hata kidogo.

Kosa la tatu ni macho kudanganywa na upepo. Tuseme glaida inakwenda kilomita 80 kwa saa hewani, na upepo wa kilomita 30 unaisukuma kutoka nyuma. Juu ya ardhi inakimbia kilomita 110. Rubani aliye chini sana anaona miti na nyumba zikipita mbio, anahisi ana mwendo wa kupita kiasi, na anapunguza. Bawa halijui habari za miti na nyumba. Linajua tu hewa inayopita juu yake, na hewa hiyo sasa ni kidogo mno.

Kosa la nne ndilo baya zaidi. Upepo wa nyuma umemsukuma, na anapokata kona anaona amepitiliza mstari wa uwanja. Anahitaji kugeuka zaidi, lakini anaogopa kuilaza ndege akiwa karibu na ardhi. Kwa hiyo anakanyaga pedali ya usukani wa mkia ili asukume pua igeuke haraka, huku mkono ukizuia ndege isilale. Glaida sasa inateleza kwa ubavu. Bawa la ndani ya kona linakwenda polepole kuliko la nje, na ndilo linalofika kwanza kwenye stoli. Linadondoka, bawa la nje bado linabeba, na glaida inapinduka na kuanza kuzunguka kichwa chini kama pia inayochezwa na watoto.

Anayeona kutoka ardhini husema, ilikuwa inaenda vizuri, mara ikageuka na kushuka. Ni kweli, huwa ni sekunde chache tu. Kujitoa katika mzunguko huo kunaweza kumeza mita 60 hadi 100, au zaidi, kutegemea aina ya glaida na wepesi wa rubani. Aliyeuanza akiwa mita 80 kutoka ardhini hana deni analoweza kulilipa.

Upepo unaokatika karibu na ardhi

Kuna mtego mwingine baada ya kona, glaida ikiwa tayari imeukabili uwanja. Wakulima wanalijua jambo hili bila kufundishwa: juu ya mwembe upepo unatikisa matawi, chini yake moto wa jiko hauyumbi sana. Miti, nyumba na ardhi yenyewe hupunguza nguvu ya upepo.

Tuseme glaida inashuka kwa mwendo wa kilomita 80 hewani, ikikabili upepo wa kilomita 30. Ikifika usawa wa vilele vya miti, upepo unapungua ghafla hadi kilomita 10. Glaida ni nzito, haiwezi kuongeza mwendo papo hapo. Kwa muda mfupi hewa inayopita juu ya mabawa inashuka hadi karibu kilomita 60 kwa saa, chini ya kikomo cha 65. Hakuna aliyevuta usukani, lakini glaida inazama kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Rubani anafundishwa nini?

Kwanza, kuwa na mwendo wa ziada kabla ya kona ya kwanza, akiwa bado juu. Hesabu moja inayofundishwa ni kuchukua mwendo wa kikomo, kuuongeza nusu yake, kisha kuongeza nusu ya kasi ya upepo. Kwa kikomo cha 65 na upepo wa 30, inakuja karibu kilomita 112 kwa saa. Upepo ukikatika karibu na ardhi, akiba ipo.

Pili, kusikiliza. Hili linatugusa sisi watu wa redio. Glaida haina muungurumo wa injini, kwa hiyo rubani husikia hewa ikipita. Sauti hiyo ikififia, mwendo unapotea. Dalili nyingine ni usukani kulegea mkononi na chombo kutetemeka.

Tatu, kutazama uzi. Mbele ya kioo cha glaida hubandikwa kipande cha uzi wa sufu. Ndege ikienda sawa, uzi unalala katikati. Ikiteleza kwa ubavu, uzi unakwenda pembeni. Ndugu Wright walifunga uzi wa aina hiyo kwenye glaida yao ya mwaka 1902, na mpaka leo hakuna aliyepata kifaa rahisi zaidi kwa kazi hiyo.

Nne, na hili ndilo gumu, kusukuma mbele. Stoli ikianza, dawa ni kushusha pua ili bawa lirudi kwenye pembe ya kubeba. Kama mzunguko umeanza, anakanyaga pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko, anasukuma usukani mbele hadi mzunguko usimame, kisha anainua pua taratibu. Fikiria ardhi inakukimbilia usoni, na unatakiwa uielekeze pua huko huko. Mwili wote unakataa. Ndiyo maana mwanafunzi hurudia zoezi hili mara nyingi akiwa juu sana pamoja na mwalimu, mpaka mkono ujue njia yenyewe.

Tano, kukubali kutofika. Rubani akiona hatafika uwanjani, achague shamba lililo wazi mbele yake na kutua hapo akiwa na mwendo mzuri. Glaida inayotua shambani mabawa yakiwa sawa inaweza kuvunjika gurudumu, na rubani akatoka mwenyewe. Inayolazimishwa ifike uwanjani huenda isifike, wala rubani asipone.

Tai wa Serengeti

Tai nao wanaingia kwenye stoli, lakini kwa makusudi. Mtazame tai akitua mtini: anainua kifua, anatanua mabawa yaukabili upepo kama ule ungo wetu, mwendo unakwisha, na miguu inashika tawi. Anafanya hivyo akiwa juu ya tawi kwa urefu wa mkono tu. Tena ana manyoya madogo mbele ya bawa, mahali pa kidole gumba, anayoyainua ili hewa isibanduke mapema.

Miaka ya mwanzo ya 1970 mtafiti Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata tai na korongo wa Serengeti, Tanzania, akiruka katika glaida iliyofungwa injini ndogo. Alizunguka nao katika hewa ileile inayopanda akipima wanavyosafiri. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1972, bado yanatajwa na wanaochunguza jinsi ndege wanavyoruka.

Nchini Kenya, watu huruka kwa parashuti za kuteleza hewani kutoka ukingo wa Bonde la Kerio, karibu na Iten. Vyombo hivyo ni kitambaa na kamba, lakini sheria haibadiliki: ukivuta breki zote mbili kupita kiasi, kitambaa kinaacha kubeba.

Chombo kikitua shambani kwako

Siku moja unaweza kuona glaida, parashuti au ndege ndogo ikishuka kwenye shamba lako. Ikiwa bado angani, waondoe watoto na mifugo mahali palipo wazi, wala usikimbilie mbele yake kuipungia. Rubani wa glaida hawezi kupanda tena ili kukukwepa, na akijaribu kuinua pua kwa ajili yako, mmeshaelewa kitakachofuata.

Ikishatua salama, mngoje rubani atoke, na usikanyage wala kuegemea mabawa. Ikiwa ni ajali, piga simu polisi na kituo cha afya kilicho karibu. Msimwinue majeruhi ovyo, maana huenda ameumia mgongo, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya kumuua. Msikae kuvuta sigara karibu na ndege yenye mafuta. Na vipande vilivyotawanyika viacheni palepale. Kwako ni vyuma chakavu, lakini kwa wachunguzi mahali kipande kilipolala kinaeleza kilichotokea, na maelezo hayo yanaweza kumwokoa rubani mwingine.

Mkiwa na swali jingine kuhusu jambo hili, tutumieni ujumbe kama kawaida. Tutalisoma hewani.